Namna ya kuacha kutaka kila kitu kiwe kamilifu: mwongozo kamili kwa wanaoshindwa kumaliza

Wanaoniuliza kuhusu jambo hili karibu wote wameshajaribu kitu kilekile. Wamejiambia "safari hii sitajali sana", na siku chache baadaye wako palepale. Ripoti ya kurasa mbili iko wazi kwenye kompyuta tangu Jumatatu. Maombi ya kazi yamelala kwenye simu yakisubiri sentensi moja nzuri zaidi. Sebule imepigwa deki mara ya pili na mgeni mwenyewe bado yuko kwenye foleni Mbagala.

Kujiambia usijali hakufui dafu, kwa sababu anayejiambia hivyo ndiye atakayeamua, kazi ikiwa katikati, kwamba "bado haijakaa vizuri". Kadiri unavyoitazama kazi ndivyo jicho linavyozidi kuona kasoro, na alama ya kumalizia inasogea mbele kila unapoikaribia. Kinachosaidia ni kuichora alama hiyo kabla hujaanza, akili ikiwa imetulia, kisha kuikabidhi kazi inapoifikia hata kama moyo unagoma.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari, lolote. Kaunta buku ya dukani kwa Mangi inatosha. Usiende mjini kutafuta daftari zuri. Wapo waliomaliza wikiendi nzima wakichagua daftari na kulipigia mistari ya rangi nne, wakadhani wameanza.

Kalamu ya wino. Penseli ina kifutio, na kifutio ndicho tunachokikimbia.

Kipima muda. Cha kwenye simu kinafaa, ila simu ikae mbali na mkono, sauti ikiwa juu.

Mtu wa kupokea. Huyu ndiye anayesahaulika. Awe dada yako, mwenzako wa kazini, mume au mke, yeyote ambaye ukimwambia "saa kumi nakutumia" atakuuliza saa kumi na dakika tano. Usitafute wa kukusifia, wala usitafute mwalimu wa kusahihisha insha.

Kazi moja ndogo yenye tarehe ya mwisho ndani ya wiki mbili zijazo. Usianze na tasnifu ya chuo wala harusi ya mdogo wako.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali. Ikiwa unarudi mlangoni au kwenye jiko la gesi kuhakiki tena na tena hadi unachelewa kazini, ikiwa unanawa mikono mpaka ngozi inachubuka, ikiwa huli kwa sababu mwili wako hauonekani sawa, au umefika mahali pa kuwaza kujidhuru, usianze na daftari. Nenda kwenye kliniki ya afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zinazo, na zipo kubwa kama Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania, au Mathari kwa Kenya. Hayo yanatibika, lakini yanataka mtaalamu.

## Hatua ya 1: Tafuta unapokwama hasa

Kwa wiki moja usibadilishe chochote. Kila unapojikuta umerudia kazi iliyokwisha, umeiahirisha au umeificha, andika mstari mmoja: ni kazi gani, inakwenda kwa nani, imekula muda gani wa ziada.

Hatua hii ipo kwa sababu hakuna mtu anayetaka ukamilifu kila mahali. Utamkuta mtu gari lake limejaa chupa tupu za maji na maganda ya karanga, wala halimsumbui, lakini ujumbe wa mistari minne kwenye kundi la ofisini unamchukua dakika arobaini. Akianza kupambana na maisha yake yote kwa mpigo atachoka bure, wakati tatizo lake ni ujumbe.

Pembeni ya kila mstari weka herufi. M kama kiwango hicho umejiwekea mwenyewe. W kama unawadai wengine wakifikie. J kama unaamini jamii ndiyo inayokudai. Mgawanyo huu wa pande tatu uliandikwa na wanasaikolojia wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, mwaka 1991, na faida yake ni kwamba kila upande una tiba yake. Hatua ya 3 hadi ya 6 ni za wote, ya 7 ni ya wenye J nyingi, ya 8 ni ya wenye W. Usishangae J zikijaa ukurasa. Huku kwetu "watu watasemaje" ina sauti kubwa kuliko dhamiri.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Mimi nakwama kwenye maandishi yanayokwenda kwa bosi", au "nakwama wageni wakija". Jibu likiwa "nakwama kila mahali", ongeza siku chache, bado hujaangalia vizuri.

## Hatua ya 2: Zitenge kazi zisizovumilia kosa

Wengi huukataa ushauri wa namna hii kwa hofu yenye haki: nikilegeza, si nitaharibu? Basi ziorodheshe kwanza zile ambazo hutalegeza. Kipimo cha dawa ya mtoto. Breki. Nyaya za umeme. Namba unayoitumia pesa: soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, kila mara. Tahajia ya jina lako kwenye fomu za NIDA za kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, maana herufi moja ikipishana utazunguka na hati ya kiapo ofisi hadi ofisi. Hizi zihakiki mara tatu bila aibu.

Swali la kuzitenga ni moja: ikikosewa, nani anaumia, na kurekebisha kunagharimu nini? Jibu likiwa "nitaona aibu kidogo", kazi hiyo inavumilia kosa, nayo ndiyo tunayoishughulikia hapa.

Onyo: utashawishika kuhamishia kila kitu kwenye orodha ya kwanza. Mpangilio wa mito ya makochi haujawahi kumuua mtu.

## Hatua ya 3: Chora alama ya kumalizia kabla ya kuanza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tulia.

Fungua ukurasa mpya na uandike mambo matatu: vitu ambavyo lazima viwemo, muda, na saa ya kukabidhi pamoja na jina la mpokeaji. Tuchukue barua ya maombi ya kazi:

*Barua ya maombi, nafasi ya mhasibu msaidizi.*
*Viwemo: anwani yangu na ya mwajiri, tarehe, YAH yenye cheo kama kilivyo kwenye tangazo, mambo mawili niliyoyafanya yanayojibu sifa walizotaja, namba ya simu, sahihi.*
*Muda: saa moja na nusu, kuhakiki kukiwemo.*
*Kukabidhi: Jumatano saa kumi jioni naituma, kisha namrushia dada picha ya uthibitisho.*

Angalia kisichoandikwa. Hakuna "barua yenye mvuto", hakuna "Kiswahili fasaha", hakuna "iwavutie". Maneno hayo hayana mwisho. Hakuna dakika utakayoweza kusema kwamba mvuto sasa umetimia, inuka ukanywe chai. Anwani ipo au haipo. Sahihi ipo au haipo. Kipimo cha orodha nzuri ni kwamba dada yako anaweza kuishika, akaweka vema au mkasi kwenye kila kitu, bila kukupigia kukuuliza ulimaanisha nini.

Muda nao unaleta ubishi. Watu huandika "siku nzima, nisikimbizwe". Kazi hunenepa kwa kadiri ya muda unaoilisha. Barua ya ukurasa mmoja ikipewa siku nzima itaila siku nzima, na mchana wote utaishia kuhama kati ya "naomba" na "ninaomba". Andika muda unaodhani utatosha mtu mwenye akili timamu anayejua kuandika barua, kisha usiuguse.

Saa ya kukabidhi iwe angalau siku moja kabla ya tarehe ya mwisho halisi. Siku ya mwisho kila mtu anatuma, mitandao inaelemewa, na wewe utapata sababu mpya ya kuhangaika.

Utajua umefaulu orodha ikiwa kwenye daftari kwa wino na kazi yenyewe haijaguswa. Ukianza kazi ndipo ukaandika orodha, umejidanganya, maana hiyo imeandikwa na jicho ambalo tayari linatafuta kasoro. Iache barua hiyo, chagua kazi nyingine.

## Hatua ya 4: Fanya vibaya, bila kurudi nyuma

Weka dakika 25. Mkono uende mbele tu. Usipokumbuka tarehe andika TAREHE. Neno likikataa kuja, acha nafasi, songa. Kama ni kompyuta, zima ile mistari myekundu ya tahajia. Kama ni usafi wa nyumba, pita vyumba vyote mara moja kabla hujarudi kwenye chumba chochote.

Kutunga na kukosoa ni kazi mbili, na ukizifanya kwa pamoja ya pili inaimeza ya kwanza. Kuna na sababu nyingine ambayo watu hawaipendi wakiisikia. Kuahirisha kunakulinda. Kazi iliyokimbizwa usiku wa mwisho ikitoka mbovu, una la kujitetea: "sikupata muda". Iliyoanza mapema haina kisingizio hicho. Ndiyo maana kuanza kunaogopesha kuliko kazi yenyewe, na ndiyo maana wapenzi wa "kawia ufike" wengi huishia kwenye kawia.

Utajua umefaulu ukiwa na rasimu mbaya yenye mwanzo na mwisho. Ukitoka na aya moja maridadi na ukurasa mtupu chini yake, hatua imekushinda. Irudie.

## Hatua ya 5: Hakiki mara moja

Pumzika kidogo, chukua orodha ya Hatua ya 3, pita kitu kwa kitu. Kama ni maandishi, yasome kwa sauti, mdomo hukamata kinachokwepa macho.

Rekebisha makosa, acha ladha. Kosa ni lile ambalo mtu mwingine angelionyesha bila kusukumwa: tarehe haipo, jina la taasisi limekosewa, sentensi haina kitenzi. Ladha ni pale unapobadilisha "aidha" kuwa "pia", ukaiangalia, ukarudisha "aidha". Ukiona umelirudisha neno lilelile, kuhakiki kumekwisha.

## Hatua ya 6: Kabidhi moyo ukiwa bado unagoma

Wanaofeli hufelia hapa. Wamefanya yote vizuri, kazi iko tayari, halafu wanasema, "Nitatuma nikishatulia." Utulivu haupo upande huo wa kitufe. Unakuja baada ya kutuma.

Kabla ya kukabidhi, andika utabiri wako na uhakika ulio nao, kati ya 0 na 10. Uwe mahususi. Kwa mfano: *"Mkuu wa idara ataona ripoti haina jedwali la gharama za usafiri, ataniita ofisini. Uhakika 8."* Baada ya siku mbili rudi uandike kilichotokea: *"Alijibu: Nimepokea, asante. Jedwali hakuligusia."*

Wanasaikolojia wanaotumia tiba ya fikra na tabia hufanya zoezi la aina hii na wagonjwa wao, na nguvu yake iko kwenye kuandika kabla. Ukitegemea kumbukumbu, akili itasema "nilijua tu itakuwa salama", na safari ijayo hofu itakuja na uzito uleule kana kwamba haijawahi kuumbuliwa.

Safari nyingine utabiri utatimia. Bosi atalitaka jedwali. Liandike hilo bila kulipaka rangi, kisha ongeza kitu kimoja: lilichukua muda gani kuandaliwa? Mara nyingi utakuta umeogopa wiki nzima jambo lililomalizwa kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Sasa tuma. Lalisha simu kifudifudi, toka chumbani nusu saa. Tumbo litakaza na mikono itaiwasha simu yenyewe. Usipoilisha hali hiyo, hushuka.

Mitego mitatu itakungoja. Wa kwanza ni kuusoma upya ujumbe uliokwishatumwa. Wa pili ni kumfuatilizia mtu "samahani, nilichomaanisha ni kwamba…". Wa tatu umevaa heshima, nao ni kuuliza "umeionaje?". Yote mitatu ni njia ya kuinyang'anya kazi mkononi mwa uliyempa. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kwa mtu wa namna yetu dakika hizo ni shimo. Hariri ikiwa tu kosa ni la Hatua ya 2: kiasi cha pesa, saa ya kikao, jina la mtu.

Utajua umefaulu kazi ikiwa kwa mwenyewe na wewe bado hujisikii vizuri. Nasisitiza hilo la pili. Ukisubiri kujisikia vizuri ndipo ukatuma, hujafanya zoezi.

## Hatua ya 7: Acha kasoro ndogo kwa makusudi

Hii ni ya wale ambao J zimejaa daftarini. Hofu ya watu haiondoki kwa kuhojiwa, inaondoka kwa kuonekana ukiwa na kasoro na jua likazama kama kawaida.

Panga kasoro moja kwa wiki, ndogo, inayoonekana. Nenda dukani na shati ambalo halijapigwa pasi. Kwenye kikao cha kamati sema "sijui, nitauliza" bila kuomba radhi.

Ile ninayoipenda zaidi ni ya chai. Nyumba nyingi zina kabati lenye vikombe vya wageni, seti kamili na visahani vyake, ambavyo wenye nyumba hawajawahi kuvinywea. Mgeni akipiga hodi, acha kabati limefungwa. Mwandalie chai kwenye vikombe vya kila siku, kimoja cha bluu, kingine cha mnada chenye maandishi yaliyofutika, na usiseme lolote. Hasa usiseme "utatusamehe, vyombo vyetu ndiyo hivi". Ukishaomba radhi umemwelekeza atazame, na zoezi limeharibika. Mpe chai, muulize habari za shangazi. Baadaye andika daftarini alizungumzia nini muda wote aliokaa.

Onyo: kasoro iwe yako, na hasara yake iwe yako. Kuchelewa makusudi kwenye kikao ni kula muda wa wenzako, na kumpikia mtu wali mbichi ni uchokozi.

## Hatua ya 8: Kazi ya mwingine iache kwa mwingine

Wenye W huteseka kidogo na hutesa sana. Dalili yao kubwa ni kurudia. Mtoto ameosha vyombo, mama anasubiri alale, anaviosha upya. Kijana wa ofisini ameandika barua, mkuu anaifuta yote anaandika yake.

Kinachojifunzwa upande wa pili ni rahisi: hakuna haja ya kujitahidi, maana vyovyote nitakavyofanya itarudiwa. Baada ya mwaka unalalamika kwamba nyumba nzima hakuna anayejituma.

Ukimpa mtu kazi mpe alama ya kumalizia, ileile ya Hatua ya 3. "Baba, vyombo visiwe na mafuta, vikauke, virudi kabatini kabla ya taarifa ya habari." Aanze na sufuria au vikombe, atumie sponji au kitambaa, hayo ni yake. Kimoja kikiwa na mafuta mwonyeshe hicho kimoja, akirudie yeye. Mkono wako usiingie kwenye beseni.

## Hatua ya 9: Siku utakapokosolewa kweli

Itafika, na usipojiandaa itakurudisha mwanzo. Liweke tayari jibu moja fupi: "Asante, nimeliona, nitarekebisha." Liishie hapo. Maelezo marefu ya kujitetea huligeuza kosa dogo kuwa mazungumzo ya wiki.

Kisha rudi kwenye daftari ujiulize kama ukosoaji huo unagusa kitu kilichokuwemo kwenye orodha. Kama kilikuwemo na ulikiruka, hilo ni kosa la kuhakiki, rekebisha Hatua ya 5. Kama hakikuwemo nacho ni cha maana, kiongeze kwenye orodha ya kazi ijayo ya aina hiyo. Kama ni ladha ya mtu tu, mwachie ladha yake. Kwenye kundi la familia daima yupo mjomba ambaye hata mwaliko wa msiba atausahihisha nukta.

## Kupima maendeleo, na lini uongeze uzito

Usipime kwa kujisikia. Pima pengo kati ya saa kazi ilipotimiza orodha na saa ulipoikabidhi. Andika saa hizo mbili kila mara. Mwanzoni pengo linaweza kuwa siku kadhaa. Likiwa linapungua, zoezi linafanya kazi hata kama kila ukituma bado unatoka jasho. Lisipopungua baada ya kazi nne au tano, tatizo karibu daima liko kwenye orodha: kuna neno lisilo na mwisho limejipenyeza, kama "vizuri" au "ya kitaalamu". Lifute, weka kitu kinachohesabika.

Usifanye daftari hili kuwa kazi nyingine ya kukamilisha. Ukiruka siku, ruka. Ukurasa ukichafuka na chai, endelea kuandika juu ya doa. Ukijikuta unanakili upya kurasa za wiki iliyopita kwa mwandiko mzuri, funga daftari, kabidhi kazi moja bila kuandika chochote, kisha lifungue kesho yake.

Pengo likishuka hadi saa chache kwa kazi ndogo, rudi kwenye mistari ya Hatua ya 1 uchague eneo la pili. Lisiwe lile zito kuliko yote. Chukua la uzito wa kati, lenye mpokeaji mwingine na saa nyingine ya kukabidhi, na uanze upya kwenye Hatua ya 3.